Kibao cha Kitanda cha Dirishani

Machi 9
Amekunywa chai kikombe kizima, mkate ameacha. Amelala vizuri. Mguu wa kulia bado baridi. Neno ni lile lile.

Machi 10
Vile vile.

Machi 12
Daktari ndiye aliyeniambia niandike. "Andika anachokula, anavyolala, na siku akisema neno jipya," alisema. Nikanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Neno jipya halijaja. Tangu kiharusi kimwangushe, mume wangu ana neno moja tu, nalo ni "kesho". Akitaka maji, kesho. Akikasirika, kesho. Jirani akija kumjulia hali, anamwitikia "kesho" kwa adabu zote, kama fundi nguo aliyeshindwa kumaliza gauni la mteja. Mwanzoni nilicheka, Mungu anisamehe. Siku hizi nikilisikia neno hilo redioni, nageuka kuangalia kama anahitaji kitu.

Daktari anataka mambo ya mgonjwa tu. Lakini daftari lina kurasa nyingi na chumba kina kimya kingi, basi nitaandika na mengine.

Machi 16
Mvua imeanza. Sufu haikauki, uzi unanyonya unyevu na kukatika. Leo nimeunga nyuzi hadi vidole vikawa vyeupe. Kiwandani tunafuma mablanketi, na kitanda changu cha kufumia kiko dirishani, kwa hiyo wananiita Mama Dirishani. Ninaposema "kitanda changu" nazoea vibaya. Kitanda ni cha mume wangu. Alikifanyia kazi tangu kabla ya kunioa, na mimi nilikuwa nikimsokotea uzi. Alipoanguka, kitanda kilikaa bure wiki chache, kisha nikakaa mimi, kwa kuwa nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kukaa. Hakuna aliyenikataza wala aliyenikaribisha. Kibao chake, kile cha mti kinachopitisha uzi huku na huku, kilikuwa kikubwa kwa kiganja changu, nikamwomba seremala anichongee kidogo. Hicho ndicho ninachotumia. Cha kwake nimekitundika ukutani nyumbani anapoweza kukiona.

Machi 18
Mvua. Amekula.

Machi 21
Leo nimepata kadi. Naandika nimepata, lakini kweli ni kwamba nilikuwa mtu wa mwisho kuipata.

Bawabu alinisimamisha getini asubuhi. "Mama Dirishani, binti yako anakuuliza habari za kura."

"Kura gani?"

"Ya kitanda. Soma mwenyewe, mimi nimepitia tu."

Kadi haina bahasha, na kitu kisicho na bahasha ni cha umma. Mleta barua alikuwa amekwisha kuisoma, bawabu akaisoma, karani akaisoma huku akinywa chai, maana kuna alama ya kikombe kwenye kona. Binti yangu anawahudumia wazee huko ughaibuni, anawaogesha na kuwalisha. Barua huzituma kiwandani kwa sababu nyumbani hatuna sanduku la posta. Mbele ya kadi kuna picha ya zamani, isiyo na rangi, ya wanawake sita wamesimama mbele ya mlango mkubwa. Wana magauni marefu na makofia mapana ajabu, na mikanda ya kitambaa imepita kifuani kutoka begani. Nyuma ameandika:

"Mama, shikamoo. Nimeiona hii dukani nikakukumbuka. Chini wameandika: Waanzilishi wa haki ya wanawake ya kupiga kura. Yule wa tatu kutoka kushoto amebana midomo kama wewe uzi ukikatika. Je, siku hizi kura ya kitanda chetu anapiga nani? Msalimie baba. Huku baridi si mchezo."

Basi. Hayo tu. Binti yangu ni mtu wa mizaha tangu utoto. Lakini kufika mchana kadi ilikuwa imeota mabawa. Kwenye kuoshea sufu walikuwa wakisema nimetumiwa maagizo na chama cha wanawake wa ng'ambo. Karani alinipita akasema, "Na hao wamama wa makofia watakuja lini mkutanoni?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila masikio yalipata moto.

Machi 22
Niandike jinsi kura ilivyo kwetu, maana hata daktari akisoma hataelewa. Kiwanda ni cha ushirika. Mvua zikikatika tunafanya mkutano mkuu. Kabla ya mkutano vitanda vyote vinasimamishwa, kila mmoja anapeleka kibao chake nyumbani, anakisafisha na kukipaka mafuta. Siku ya mkutano makapu mawili yanawekwa mezani, la ndiyo na la hapana, na kila kitanda kinatumbukiza kibao chake. Kitanda kimoja, kura moja. Kila kibao kina alama ya mwenyewe iliyochongwa kwa kisu, na alama zote zimechorwa kwenye ubao mkubwa ukutani. Mtu akifa na mrithi akajitokeza, alama ya marehemu inapakwa chokaa na ya mrithi inachorwa mahali pake; asipojitokeza, kibao cha marehemu hubebwa na ndugu.

Alama ya mume wangu ni mistari miwili iliyopishana. Miaka yote hiyo alibeba kibao chake kwenda mkutanoni, akarudi nacho, akakaa kula. Hakusema alikitia kapu gani. Sikuuliza. Mkutano uliopita alikibeba mdogo wake, shemeji yangu, ambaye naye ana kitanda chake. Hata hapo sikuuliza.

Machi 24
Watu watatu leo wameniuliza kama ni kweli nadai kura. Nimewaambia sijadai kitu. Wa tatu, msokota uzi mmoja kijana, alionekana kuvunjika moyo.

Machi 31
Shemeji amekuja kumwogesha kaka yake. Anakuja kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe, anamnyanyua kama mtoto, anamnyoa ndevu, anamwambia habari za mpira. Naandika haya ili nisije nikasahau ninapokuwa na hasira naye.

Baada ya kuoga alikaa na mimi jikoni. Akanieleza kuwa mwaka huu kuna jambo zito mkutanoni. Wanataka kuleta mashine mbili za umeme. Zikija, zinahitaji nafasi, na nafasi itapatikana kwa kuondoa vitanda visivyo na mwenyewe kazini. Akavitaja: cha mlangoni, ambacho hakina mtu kabisa, cha kona, ambacho mjane mmoja anakifumia kwa niaba ya marehemu mumewe, na cha dirishani.

"Cha dirishani kina mtu," nikasema.

"Kina mtu, shemeji, lakini mwenyewe hayupo kazini. Usinielewe vibaya. Mimi nitapiga ndiyo, na nitabeba kibao cha kaka kipige ndiyo pia. Mashine zitatuokoa. Na wewe hutakosa kazi. Utashona pindo, utakaa kwenye kiti, utapumzika. Umechoka, kila mtu anaona."

Alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililonishinda. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu. Nikamwongezea chai.

Aprili 1
Sitaki kupumzika. Nimeandika hapa ili angalau mahali pamoja pajulikane.

Aprili 2
Mwenyekiti aliniita ofisini. Ni mtu wa taratibu, hapandishi sauti hata paa likivuja juu ya kichwa chake, na leo lilikuwa linavuja. Alikuwa na ile kadi akilini, naona haijamtoka.

"Mama, nasikia unataka kusimama na kibao."

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijadai kitu, kama nilivyowaambia wote. Badala yake nikajikuta nauliza, "Nikitaka, taratibu inasemaje?"

Akavua miwani akaifuta. "Taratibu haisemi mwanamke asisimame. Haijawahi kuulizwa. Inachosema ni kwamba kitanda kina mwenyewe mmoja. Ukisimama wewe, basi yeye si mwenyewe tena. Itabidi alama yake ifutwe ubaoni."

"Kwa chokaa?"

"Kwa chokaa, mama. Kama wengine."

Nikatoka. Ubao uko pale pale nje ya ofisi. Nilisimama nikautazama. Mistari miwili iliyopishana, rangi ya buluu, safu ya pili. Upande wa chini kuna madoa meupe mengi, na nawajua wote waliokuwa chini ya madoa hayo.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Nisiposimama, shemeji anapiga kura kitanda kiondoke, nacho kinaondoka. Nikisimama, nimemzika mume wangu mbele za watu naye yuko nyumbani anakula mkate.

Aprili 3
Na kama vile hayo hayatoshi, Mama Rangi amenivaa.

Yeye ni mkuu wa chumba cha rangi. Mikono yake ni ya buluu hadi kwenye viwiko na haitakati tena. Ndiye anayechora alama ubaoni, na ndiye anayezipaka chokaa. Alinikuta kwenye bomba nanawa.

"Mimi nimewafuta wanaume kumi na kitu kwenye ule ubao," akasema. "Wote walikuwa wamekwishazikwa. Wako anapumua, anakula, anakwambia kesho. Unataka nimpake chokaa yu hai?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Kadi yako imesema."

"Kadi ni ya binti yangu. Mzaha wa mtoto."

"Basi mwambie mtoto huku tunalia nao." Akaondoka na ndoo zake. Nilibaki nimefungua bomba, maji yanakwenda bure. Nilimchukia siku nzima, na usiku nikajua nilimchukia kwa sababu alisema nilichokuwa nakiogopa mwenyewe.

Aprili 5
Mvua kubwa. Uzi umekatika mara nyingi kuliko ulizopita.

Aprili 6
Hajala. Homa kidogo. Imeshuka jioni.

Aprili 11
Siku mbaya. Tangu asubuhi amekuwa akigonga meza kwa mkono wa kushoto na kuelekeza kabati. "Kesho," akionyesha kabati. Nikampa kijiko. Hapana. Kitana. Hapana. Dawa, taulo, miwani, redio, hata picha ya harusi. "Kesho! Kesho!" Jasho linamtoka, mate yanamtoka, mimi nafungua na kufunga milango ya kabati kama mwizi asiyejua anachoiba. Mwisho akasukuma kikombe kikaanguka kikavunjika. Nikampigia kelele. Nikamwambia, "Sema basi! Sema neno hata moja!" Naye akageuza uso ukutani, kwenye kile kibao chake.

Nimeokota vigae. Nimelia jikoni na bomba limefunguliwa asinisikie.

Aprili 12
Amekula vizuri. Hakunitazama.

Aprili 15
Leo nimeikagua kadi kwa mara ya kwanza, nikiwa nimekaa karibu na kitanda chake cha kulalia. Mpaka leo nilikuwa naona makofia tu. Kofia zile zinatawala picha, jicho haliendi kwingine. Leo nikashuka chini. Magauni yao yameloa matope mpaka karibu na magoti. Mmoja ana kiatu kilichoachia mbele. Walikuwa wamesimama mvuani, tena kwa muda mrefu, na huyo wa tatu kutoka kushoto hakubana midomo kwa ukali, amebana kwa sababu meno yanamgongana kwa baridi. Naijua sura hiyo. Ni sura yangu ya asubuhi kwenye kuoshea sufu.

Nikajiuliza nani alikuwa nyumbani kwa huyu wa tatu siku hiyo. Kama alikuwa na mgonjwa. Kama alimwambia anakokwenda.

Mume wangu alinyosha mkono wa kushoto akaichukua kadi. Akaitazama mbele, akaigeuza, akakaa na upande wa maandishi muda mrefu, kidole chini ya mstari. Daktari alisema kusoma nako huenda kumeondoka. Sijui. Kidole kilisimama kwenye "kitanda chetu". Au kilichoka tu hapo.

"Mtoto ameandika kitanda chetu," nikamwambia.

"Kesho," akasema, polepole.

Aprili 16
Hiyo "chetu" haijaniacha. Mimi husema cha mume wangu. Shemeji husema cha kaka. Mtoto aliyelelewa chini ya kile kitanda, akicheza na mabaki ya nyuzi miguuni mwetu, ndiye pekee anayesema chetu.

Aprili 21
Mama Rangi alikuja dirishani saa ya chakula, akaomba aione hiyo kadi inayosemwa. Nilikuwa nayo mfukoni. Aliishika mbali na macho kwa mkono wake wa buluu.

"Wana mikanda," akasema.

"Ndiyo."

"Inaonekana ilipakwa rangi moja yote. Sijui rangi gani, picha za zamani hazisemi." Akaitazama tena, akanirudishia. "Mimi hata kitanda cha kugombania sina. Nimeipaka rangi sufu ya kiwanda hiki chote na sijawahi kutumbukiza kitu kapuni. Sisi wa rangi tutapiga na nini? Mwiko?"

Alisema kama mzaha, lakini hakucheka. Kwenye kona ya kadi, ng'ambo ya alama ya kikombe cha karani, sasa kuna alama ya gumba la buluu. Nimejaribu kuifuta haitoki, na nimefurahi haitoki.

Aprili 25
Mvua zinapungua. Leo jua limepiga kitanda changu saa nzima.

Aprili 28
Nimejua alichokuwa anatafuta.

Nilikuwa natafuta sindano kwenye droo ya chini kabisa ya kabati, nyuma ya vitambaa. Nikasikia nyuma yangu, "Kesho," kwa sauti ndogo, tofauti. Nikageuka. Alikuwa ameinua kichwa na macho yako kwenye droo. Humo ndani kuna kisu chake kidogo, kile cha kuchongea vibao. Nilikificha mwenyewe tulipotoka hospitali.

Naomba niandike ukweli. Nilikificha kwa sababu niliogopa. Mwanamume aliyekuwa akibeba marobota mawili kwa mpigo sasa analishwa kwa kijiko. Usiku mwingine machozi yanamtoka kimya kimya. Mtu wa hivyo anataka kisu cha nini?

Nikaifunga droo. Akarudisha kichwa kwenye mto na kufumba macho. Hakugonga meza, na hilo lilinitisha kuliko kugonga.

Aprili 29
Amekula kidogo sana.

Aprili 30
Kidogo sana. Sijalala.

Mei 3
Mvua zimekatika. Tangazo limebandikwa, mkutano ni Jumatatu. Vitanda vimesimamishwa na kila mtu ameondoka na kibao chake. Mimi nimeondoka na changu kwenye mfuko wa aproni. Hakuna aliyeniuliza. Kibao changu hakina alama, ni kipande cha mti tu, hakijawahi kupiga kura.

Mjane wa kona alitembea nami hadi njia panda. Tumefanya kazi ubavu kwa ubavu na hatujazungumza sana, ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Kibao cha marehemu amekuja kukichukua mkwe wangu. Anasema nisisumbuke." Kisha akauliza, "Wewe utasimama?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ungejua ningefurahi," akakata njia yake.

Mei 5
Shemeji amekuja, amemwogesha, amemnyoa. Kisha akatungua kibao cha ukutani, akakifuta kwa leso vizuri sana, akasema, "Kaka, nakibeba kesho kama mwaka jana." Mume wangu akatoa sauti ambayo si neno, sauti ya tumboni. Shemeji akampapasa bega: "Usijali, nitakirudisha." Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Niliporudi alikuwa anatazama msumari ukutani. Msumari mtupu. Uso wake, siwezi kuuandika.

Nikaenda kwenye droo.

Nilikaa kitandani mbele yake, nikashika kisu kwenye kiganja kilichofunguliwa, nikamwambia, "Baba, ukinifanyia vibaya na kisu hiki sitakusamehe. Sikutanii." Hakukichukua. Akanyosha mkono wa kushoto kwenye aproni yangu, akapapasa mfuko, akatoa kibao changu. Akakiweka mapajani mwangu. Kisha ndipo akachukua kisu.

Hawezi kushika vitu viwili. Kwa hiyo nilishika mti mimi, kwa mikono yote miwili, akachonga yeye kwa mkono ambao haujawahi kuchonga. Kisu kiliteleza, kikanikwaruza kidole, akasimama, akanitazama, nikamwambia endelea. Mstari wa kwanza ulitoka kama njia ya mlevi. Alipumzika. Jua likahama kutoka miguuni hadi ukutani. Mstari wa pili ukapishana na wa kwanza. Nikajua ni alama yake, nikadhani amemaliza, nikafungua mikono. Akatikisa kichwa. "Kesho," akasema, akapiga kibao kwa ncha ya kisu: shika. Nikashika. Akachonga mstari wa tatu, mfupi, ukipita katikati pale miwili inapopishana. Kisha akaninyoshea kidole kifuani.

Basi nikalia mbele yake, sikwenda jikoni.

Mei 6
Mkutano umekwisha na nimerudi. Nitaandika yote kabla sijasahau mpangilio.

Ukumbi ulikuwa umejaa, hewa ya sufu mbichi na mafuta ya vibao. Wenye vitanda mbele kwenye mabenchi, wengine wote nyuma wamesimama: wasokotaji, waoshaji, Mama Rangi mlangoni amekunja mikono yake ya buluu. Nilikaa benchi la mbele. Niliona watu wananong'onezana lakini hakuna aliyenitoa.

Mwenyekiti alisoma pendekezo, watu wakasema maneno yao, wengi wakitaka mashine. Kisha akaanza kuita vitanda. Cha kona kilipoitwa, mkwe wa yule mjane alikwenda mbele akatumbukiza kibao kwenye kapu la ndiyo, akarudi haraka. Mjane mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kabisa. Hakuinua kichwa.

"Kitanda cha dirishani!"

Shemeji akasimama. Nami nikasimama.

Mwenyekiti akamtazama yeye, akanitazama mimi, akavua miwani. "Kitanda kimoja, vibao viwili. Huu sasa ni uganga."

Watu wakacheka. Nikaenda mbele nikamkabidhi kibao changu. Nikasema: "Kinachofuma pale ni hiki. Kile kingine hakijapitisha uzi tangu alipougua."

"Mama, nilikueleza taratibu. Kitanda kina mwenyewe mmoja." Akakigeuza, akaona alama mpya, bado nyeupe kwenye mti. "Hii amechora nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Mkono wake wa kulia umekufa, kila mtu anajua. Mtu yeyote anaweza kuchonga mistari."

Sikuwa nimefikiria kwamba hawataniamini. Nilisimama na kidole changu kilichokwaruzwa, na nikafikiri, basi, nimemwonyesha mume wangu kwa watu bure.

Shemeji alikuja mezani. Akanyosha mkono, mwenyekiti akampa kibao. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha gumba kwenye mstari wa kwanza, kuanzia chini kwenda juu, na pale juu gumba lake likapinda kidogo, maana mstari wenyewe umepinda kidogo mwishoni, kama ndoana.

"Kaka anaanzia chini," akasema. Hakuwa akisema na mtu yeyote. "Tangu tukiwa watoto. Baba alikuwa akimchapa kwa hilo, kisu kinachokwenda juu kinakata uso. Na akifika mwisho anapinda. Hawezi kuacha." "Huu ni mkono wake. Wa kushoto, lakini ni wake."

"Na huu mstari wa tatu?" akauliza mwenyekiti.

Shemeji akanitazama. Sijui aliona nini. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila kunihurumia.

"Muulize mwenyewe aliyechongewa," akasema. Akakirudisha kibao changu mezani. Kile cha kaka yake akakitia mfukoni, akaenda kukaa mahali pake.

Mwenyekiti alikaa na vidole kwenye paji la uso. Kisha akasema, taratibu kama kawaida yake, kwamba taratibu inasema mwenyewe mmoja lakini haisemi alama iwe na mistari mingapi. Akanirudishia kibao.

Nikakitumbukiza kwenye kapu la hapana. Kilitoa sauti ndogo kuliko vingine.

Waliotaka mashine wameshinda, tena kwa mbali. Zitakuja. Kitanda cha mlangoni kitaondolewa, na cha kona pia. Cha dirishani kinabaki, kwa kuwa mwenyewe yupo kazini. Nilimtafuta mjane wa kona nimpongeze sijui kwa nini, au nimwombe radhi sijui kwa nini, nikamkuta ameshatoka. Nilimwona kwa mbali njiani. Sikumkimbilia. Nitakwenda kwake Jumapili, nami sijui nitasema nini.

Nilipokuwa naondoka Mama Rangi alikuwa juu ya ngazi mbele ya ubao, na kikopo. Nikadhani ni chokaa. Lakini brashi ilikuwa ya buluu. Aliongeza mstari mmoja mfupi katikati ya ile miwili, akaushika ubao kwa gumba kupima kama unalingana. Hakugeuka. "Kadi yako," akasema, "ukimaliza nayo niletee. Nataka kuitundika kule kwenye rangi, na sisi tuwe tunaitazama." Nikaitoa mfukoni nikampa hapo hapo.

Nimefika nyumbani jua bado liko juu. Shemeji alikuwa amenitangulia, kibao kikubwa kimerudi kwenye msumari wake, na yeye hayupo. Mume wangu alikuwa macho. Nikamwonyesha kibao kidogo. Akakipapasa, akasoma mistari yote mitatu kwa kidole.

"Kesho?" akaniuliza.

Neno ni lile lile, namwandikia daktari asije akafurahi bure. Lakini leo aliliuliza.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Kesho nafuma."